Aliyehesabu Pakavu

Kaka yangu alizikwa siku ya jua kali, jambo ambalo lingemchekesha mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuingoja mvua, na siku tuliyomfukia hata kipande cha wingu hakikuwapo. Mungu amrehemu. Ninaandika habari zake kwa sababu ofisi ilitangulia kuziandika, na iliandika uongo, kisha ikaupiga muhuri.

Alikuwa mtunza mitaro katika bustani kuu ya jiji letu. Bustani hiyo ni ya zamani sana. Babu yetu aliikuta ilivyo: miti mikubwa iliyopandwa kwa mistari, kibanda cha muziki chenye paa la mviringo, na mitaro ya matofali mekundu inayopita chini ya nyasi bila mtu kuijua. Katikati kuna shimo pana tuliloliita Bonde. Wajenzi wa kwanza walilichimba ili wapande maua, lakini mvua ililitaka na ikalichukua. Maji ya mitaa mitatu yaliteremka humo. Yakizidi, yalitoka kwa mfereji wa pembeni ambao wafanyakazi waliuita mlango wa nyuma, ukayapeleka mtoni. Yakizidi hata hapo, yalikuja kwetu, mtaa wa chini, yakaingia ndani bila kubisha hodi.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha fariki, na mimi nilikuwa na miaka tisa, kwa hiyo alipokwenda kazini alikwenda na mimi. Mzee aliyemtangulia kazini alimkabidhi chepe, jembe, ufagio wa chelewa na ufito mmoja. Ufito huo ndio uliompa jina. Ulikuwa mrefu kumpita, umechongwa alama kumi na mbili, shubiri moja kutoka alama hadi alama, na ulisimikwa ndani ya bomba la chuma chini kabisa ya Bonde. Mvua kubwa ikinyesha, alisimama ukingoni akausoma. Na kwa kuwa yeye naye alikuwa mwembamba wa kupeperushwa, wenzake wakamwita Kijiti. Hata mshahara wake uliitwa kwa jina hilo. Karani alikuwa akisema, "Kijiti, njoo utie sahihi," na yeye aliitika kama kwamba ndilo alilopewa na mama.

Sasa niseme alivyokuwa akihesabu, maana mambo yote yamesimama hapo. Maji ya mvua ni ya tope. Alama zilizozama huzioni. Unachokiona ni zile zilizobaki juu, kavu. Basi Kijiti alihesabu pakavu. Alianzia kichwani mwa ufito akashuka hadi maji yalipo, akaniambia namba, nami nikaiandika kwenye daftari lake la shule pamoja na mwaka. Mvua ndogo hatukuiandika, kwa sababu nani ana haja nayo. Tuliandika zile za kutisha tu. Mwaka wa mvua kubwa kuliko zote, ile iliyotutoa nyumbani nikiwa nimebebwa mabegani mwake huku maji yakimfika kiunoni, tuliandika mbili. Alama kumi zilikuwa zimezama.

"Zimebaki mbili tu," aliniambia tukiwa tumesimama penye mwinuko, tumelowa chapachapa. "Mwenye mvua yake akizitaka, atazichukua na hizo."

Hatukuwahi kuandika mahali popote kwamba namba zile ni za pakavu. Kwa nini tuandike? Mtu haandiki kwenye mlango kwamba huu ni mlango.

Nilikua, nikasoma hadi kidato cha nne, nikajifunza ushonaji. Hadi leo nina kibanda cha cherehani nyuma ya bustani. Yeye alioa, akazaa, akazeeka palepale. Alijua kila tofali. Aliweza kulala chini, sikio kwenye nyasi, akakwambia majani yameziba wapi. Alikuwa na utani mmoja aliourudia hadi ukachosha: mvua ikichelewa, alisema imekwama kwenye foleni. Siku ya mvua alirudi nyumbani na viatu mkononi, anatabasamu kama aliyetoka harusini, na mkewe, wifi yangu, alimgombeza kwa kuchafua sakafu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake. Hakutafuta makubwa.

Kisha jiji likaamua kuikarabati bustani.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na sitautia chumvi wala kuutia dosari kwa sababu ya aliyeusimamia. Walitaka mvua isifukuzwe tena. Walitaka inywewe na ardhi, ijae Bonde taratibu, itolewe taratibu, na mtaa wa chini ulale salama. Na walitaka watu waifurahie. Kuzunguka Bonde zingejengwa ngazi kumi na mbili za mawe, kila moja kwa kimo cha alama moja ya ufito. Siku za jua watu wakae na watoto wao. Siku za mvua waje na miamvuli waangalie maji yakipanda ngazi moja baada ya nyingine. Na kwenye ngazi ungechongwa mwaka wa kila mvua kubwa, mahali hasa ilipofika. Kijiti aliposikia habari hiyo alishindwa kula. Alisema ameishi kuona jiji likiikaribisha mvua kwa kuitandikia mkeka.

Msimamizi wa mradi alitoka kwingine. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukata nyanya, na begani hakukosa mkebe mrefu wa kubebea michoro, ndiyo maana wafanyakazi wakamwita Bwana Mchoro. Aliambiwa kwamba namba za mvua anazo mtunza mitaro. Akamwita. Kijiti alikwenda na madaftari yake yamefungwa kwa kitambaa safi, na fundi mwashi mmoja aliyekuwa akipima mawe hapo kando aliyasikia yote. Kaka alianza kueleza ufito unavyosomwa. Bwana Mchoro hakuinua uso.

"Mzee, nipe namba," alisema. "Maelezo ninayo."

Akampa. Mbili, tatu, nne, tatu, tano. Bwana Mchoro akazinakili, akamrudishia madaftari, na tangu siku hiyo aliamini kwamba Bonde halijawahi kujaa kupita alama ya tano.

Kwa imani hiyo akaamuru mlango wa nyuma uzibwe kwa zege. Ulikuwa kwenye alama ya nane, na kwa hesabu yake maji hayafiki huko. Kijiti alipoona zege linamwagwa, alikimbia na chepe mkononi kwenda kuzuia. Akaambiwa kwamba namba zake mwenyewe ndizo zimesema. Usiku ule aliniuliza, "Namba zangu zimesema hivyo?" Nikamwambia pengine wana mfereji mwingine mpya. Nilisema hivyo ili ale chakula chake.

Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha alasiri moja tu. Ukuta wa muda waliojenga ndani ya Bonde, wenye kimo cha alama sita, ulizidiwa na maji ukaanguka. Ulimwangukia yule yule fundi mwashi, ukamvunja mguu mahali pawili. Na kwa kuwa lazima apatikane wa kubeba lawama, na Bwana Mchoro hakuwa na nia ya kuibeba, barua ikaandikwa. Ninayo. Inasema mtumishi alitoa takwimu za uongo kwa uzembe au kwa makusudi, na kusababisha ajali. Kijiti akaachishwa kazi. Picha yake ikabandikwa kwenye kibanda cha mlinzi getini ili asiingie. Miaka thelathini na mmoja, na mlinzi aliyempokea akiwa kijana ndiye aliyeambiwa amzuie. Yule mlinzi alilia. Kijiti ndiye aliyembembeleza.

Aliishi wiki kumi na moja tu baada ya hapo. Alikwenda hospitali kumwomba radhi mwashi, na mwashi akamsamehe kosa ambalo halikuwapo. Siku nzima alikaa barazani na madaftari magotini, anapekua, anarudia, anauliza, "Nilikosea wapi, mdogo wangu?" Nami niliyapekua naye. Niliona mbili, nikaona tatu, na kila namba ilikuwa sahihi, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika nikiwa nimesimama pale pale. Hakuna kati yetu aliyeweza kuliona kosa, maana halikuwa letu.

Mvua ikinyesha alitoka akaenda kusimama nje ya uzio, akashika nondo, akaangalia maji ambayo hakuruhusiwa kuyasogelea. Kifua kikamshika. Alipozidiwa, alinishika mkono akaniambia nikilipata kosa nimwambie mwashi, ili mwashi asidhani alivunjwa mguu kwa makusudi. Hilo ndilo aliloondoka nalo duniani. Shahada ilimtoka vizuri, alhamdulillahi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka vibaya.

Wifi yangu ni mtu wa kheri. Aliniambia nimwachie Mungu. Nikamjibu kwamba nimemwachia, ila namkumbusha kila swala. Chuoni tulifundishwa kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi, nami niliutumia mlango huo kama mtu aliyepewa ufunguo. Sikumwombea Bwana Mchoro kifo wala maradhi. Niliomba alowe. Alowe mbele za watu, kwa maji yale yale, na aseme kwa kinywa chake.

Sikujua Mungu angeipitisha wapi dua hiyo. Aliipitisha kwenye cherehani yangu.

Karani mpya wa bustani alikuja kibandani kwangu na kitambaa, anataka foronya arobaini za mito ya wageni watakaokaa ngazi ya saba siku ya ufunguzi. Hakujua mimi ni nani. Nikashona. Nilipozipeleka, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya ufunguzi, mlinzi alinipitisha na nikaingia bustanini mara ya kwanza tangu tumzike Kijiti. Ngazi zilikuwa zimekamilika. Nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Katikati ya Bonde niliuona ufito wake. Walikuwa wameupiga vanishi, wameusimika kwenye kitako cha shaba, kama pambo la kale. Jina lake halikuwapo.

Nikatazama miaka iliyochongwa. Nikatafuta ule mwaka wetu, wa mvua iliyotutoa nyumbani. Macho yalianzia juu, ngazi ya kumi, ambako ulistahili kuwa. Haukuwapo. Nikashuka, nane, sita, nne. Nikaukuta ngazi ya pili kutoka chini. Mvua iliyomfika kaka yangu kiunoni mtaa mzima mbali na hapa, hapa wameiandika kama maji ya kunawia miguu. Namba zile zile barua ilizoziita za uongo, ofisi ilizichonga kwenye jiwe, maana haikuwa na nyingine.

Nilikaa chini na foronya zangu. Halafu nilicheka. Nilicheka hadi mlinzi akaja kuniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia sijajisikia vizuri hivi tangu msiba. Bwana Mchoro alikuwa amehesabu majini. Alichukua namba za pakavu akazifanya za maji, akazijengea bustani nzima. Kaka yangu hakukosea hata mara moja katika miaka thelathini na mmoja, na alikufa akijitafuta kosa.

Nilipoacha kucheka, nilikuta nimeuma kitambaa.

Jioni hiyo nilikwenda kwa fundi mwashi, kwa kuwa ndiyo amana niliyoachiwa. Alikuwa anatembelea gongo. Nilimweleza kwa vijiti vya kiberiti, kumi na mbili kwenye glasi ya maji ya chai, hadi akaelewa.

"Kwa hiyo mzee hakukosea," alisema.

"Hakukosea."

"Na mimi nilimsamehe." Akaitazama glasi. "Nimemsamehe mtu aliyekuja kunipa pole. Kuna aibu kama hiyo, dada?"

Akaniuliza kama nitakwenda kumwambia Bwana Mchoro. Nikamwambia siendi. Nikimwambia leo, kesho atarekebisha kimya kimya, keshokutwa atasimama jukwaani aseme aligundua mwenyewe, na barua ya kaka itabaki kwenye faili lile lile na muhuri ule ule. Mwashi akauliza, je, mvua ikinyesha siku yenyewe, na watu wamekaa pale? Nikamwambia wakubwa watakaa ngazi ya saba, hawatazama, watalowa. Akauliza, na isiponyesha? Nikasema hilo si langu. Alifikiri, kisha akasema kwamba mlango wa nyuma aliuziba yeye kwa amri, na zege la katikati ni jembamba, na anajua pa kugonga. Atakuja na nyundo kubwa, aiweke chini ya koti lake.

Siku zile kumi na mbili nilisali kama sijawahi. Msikitini waliomba ufunguzi uende salama. Mimi niliitikia amina kwa mdomo, na moyoni nikaomba mawingu.

Siku ya ufunguzi, saa tisa alasiri, mbingu ilikuwa nzito. Walifurahi, maana waliitaka mvua kidogo kwa ajili ya sherehe. Wageni walikaa ngazi ya saba kwenye mito yangu, miamvuli imefungwa magotini. Bwana Mchoro alikaa katikati yao, kipaza sauti mkononi, viatu vinang'aa. Na ngazi ya nne, jambo ambalo sikulijua na sikuliweka kwenye hesabu zangu, walikuwa wamekaa watoto wa shule wapatao thelathini na mashua za karatasi, waziweke majini mvua ikianza. Kwa hilo peke yake naomba msamaha wa Mungu hadi leo. Mwashi naye aliwaona. Alichechemea na gongo lake hadi kwa mwalimu wao, akamnong'oneza, na mwalimu akamtazama mguu, akaelewa kwamba mtu huyu anajua anachosema. Wakahamishiwa juu kwenye nyasi kabla ya tone la kwanza. Walinung'unika sana.

Kisha ikaja. Mwanzo ilikuwa manyunyu, watu wakapiga makofi. Bwana Mchoro akasimama akaeleza ngazi, akasoma miaka, akasema wazee wetu waliteswa na mvua zilizofika hapa, na hapa, na kubwa kuliko zote kwa kipindi chote ilifika hapa, akaonyesha ya tano. Mvua ikazidi. Mitaro ya matofali ikaanza kunguruma chini ya nyasi, sauti niliyoijua tangu utoto. Maji yakapanda ya tatu. Yakapanda ya nne. Makofi yakapungua. Yalipofika ya sita, mgeni rasmi akainuka na mto wake.

"Tulieni, waheshimiwa," Bwana Mchoro alisema kwenye kipaza sauti. "Hayatapanda zaidi ya hapa."

Walimwamini kwa muda wa kufungua miamvuli, kisha wakapanda juu wote. Yeye alibaki akiwaita. Hapo ndipo nilipoteremka. Nilikuwa na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, na nilisimama ngazi ya nane, juu yake kidogo. Yeye alikuwa ya saba, na maji yalikuwa yamekwisha kumfika vifundoni. Alipotaka kupanda, nilimzibia njia.

Aliniambia, mama, toka hapo, ni hatari.

"Hatari ya nini?" nilimuuliza. "Jiwe lako linasema mvua kubwa iliishia ya pili. Kaa, baba. Mto huo nimeushona mimi."

Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni dada yake Kijiti. Nilimwona akitafuta jina hilo kichwani, na kulikosa, na hapo moyo wangu ukakauka kabisa. Alikuwa amesahau. Nikamsaidia: yule wa takwimu za uongo.

Angeweza kunisukuma. Mimi si mtu mzito. Lakini watu mia mbili walikuwa wanatazama, na mgeni rasmi alikuwa anatazama, na kupanda kwake kungekuwa kukiri. Kiburi kilimshika miguu kuliko maji. Yalimpita vifundo, yakampanda hadi kwenye miundi ya miguu, mkunjo wa suruali ukapotea. Mkebe wa michoro ulianguka, ukaelea, ukaenda zake. Wote tuliutazama ukienda.

"Unataka nini?" aliniuliza.

"Nataka uhesabu. Utazame ule ufito. Alama ngapi unaziona?"

Alipangusa macho. "Tatu."

"Za chini unaziona?"

"Siwezi kuziona, si kuna tope."

"Basi andika tatu," nilimwambia, nikamfungulia daftari ndani ya plastiki, mwaka baada ya mwaka. "Ndivyo alivyoandika. Mbili. Tatu. Nne. Endelea kusoma."

Nimeshona nguo za watu miaka mingi na ninaujua uso wa mtu anapoona amekata kitambaa upande usiofaa. Niliuona. Alisema polepole, karibu kwa kunong'ona, kwamba yule mzee alikuwa anahesabu pakavu.

"Sema kwenye hicho ulichoshika."

Alinitazama. Maji yalikuwa magotini. Akakiinua kipaza sauti akasema kwamba mzee alihesabu pakavu. Nikamuuliza, je, alikosea? Akasema hakukosea. Nikamuuliza, sasa aliyekosea nani? Hapo aligeuka akatazama walikokwenda wageni. Nilimwacha. Mvua haina haraka ikishafika. Juu kule watu walikuwa wamesogea ukingoni, hata watoto na mashua zao. Yalipompita magoti kwa kiganja kizima, alisema, "Mimi," na neno hilo lilitoka kwenye vipaza sauti vyote vya bustani, na kwenye kile kilichofungwa juu ya kibanda cha muziki lilitoka limechelewa kidogo, kwa hiyo tulilisikia mara mbili. Kheri ya Mungu haina kipimo.

Nilimpungia mkono mwashi. Alikaa chini kwenye nyasi juu ya mlango wa nyuma, akanyoosha mguu wake mbovu, akagonga mara nne. Zege likapasuka na maji yakajipeleka mtoni kama yaliyokuwa yakiitwa kwa muda mrefu. Mtaa wa chini haukulowa.

Wifi yangu anasema ningemwambia Bwana Mchoro mapema, maana watoto walikuwa pale. Simbishii. Hilo nitaulizwa na atakayeuliza. Lakini anaposema sasa imekwisha, nimsamehe, hapo nambishia.

Mwaka wetu umehamishiwa ngazi ya kumi. Bustani inafanya kazi yake, na watu wa mtaa wetu wamenunua makochi. Bwana Mchoro hakufukuzwa. Amebaki kwenye ofisi ile ile, ya mlango wa kijani. Na baada ya mwezi, nyumbani kwa Kijiti ikaja barua mpya, muhuri mpya. Inafuta ile ya kwanza. Inamtaka arudi kazini Jumatatu saa moja asubuhi bila kukosa, na inamwonya kwamba asiporipoti ajaze fomu iliyoambatishwa. Hakuna aliyewaambia kwamba amekufa, na hakuna aliyeuliza. Sahihi ni ya Bwana Mchoro.

Jumatatu hiyo nilivaa vizuri, nikawa mlangoni kwake saa moja kasoro. Nilimwekea fomu mezani, nikamwambia mtumishi hajaweza kuripoti, yuko kaburini tangu kabla ya ufunguzi, ajaze yeye kwa mkono wake. Alisoma, akabadilika rangi. Penye hali ya mtumishi akaandika: Amefariki. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: Sababu.

Aliiweka kalamu chini.

Sikumlazimisha. Nilimwambia achukue muda wake. Nina cherehani yangu nyuma ya bustani, ni hatua chache tu. Kila Jumatatu, saa moja kasoro, nafungua ule mlango wa kijani na kumwuliza kama ameshajaza. Ananiambia bado. Namwambia hakuna neno, nitapita tena.